Wewe ni Mgeni wa Nani?

Kiswahili kina neno moja, mgeni, kwa watu watatu: aliyekaribishwa nyumbani, asiyejulikana mtaani, na aliyetoka nchi nyingine. Kiingereza kimewatenga watatu hao kwa maneno matatu. Sisi tumewaacha ndani ya neno moja na kuwapambanua kwa swali. Mgeni wa nani? Anayeweza kujibu, “Wa Bi Mkubwa wa nyumba ile yenye baraza ndefu,” amekwisha kupata mahali pa kulala, mtu wa kumdhamini na mtu wa kumsuta akikosea. Asiye na jibu hubaki nje, hata kama mfuko wake umejaa.

Nataka kuliuliza swali hilo mahali ambapo kwa kawaida haliulizwi: kwenye meza ya mkahawa na kwenye mchanga wa ufukweni, wakati wa likizo ya familia kisiwani. Wengi wetu tunaosoma na kuandika Kiswahili tukiwa ughaibuni tunaijua safari hiyo. Shule zikifungwa mwezi wa Julai, watoto hupandishwa ndege kwenda Unguja. Siku chache hupita Mjini kwa jamaa. Kisha familia huhamia Paje, Jambiani, Nungwi au Kendwa, ikapanga vyumba karibu na bahari, ikala nje mchana na usiku, ikaogelea, ikapumzika. Je, kuna suala lolote la kimaadili katika jambo la kawaida kiasi hicho? Naamini lipo, wala si lile la mavazi au pombe ambalo hutajwa kila utalii unapojadiliwa. Suala langu ni hili: mtu ambaye angeweza kuwa mgeni wa fulani huwa anachagua nini hasa, anapochagua kuwa mgeni asiye na mwenyeji?

Kwanza tuiondoe dhana moja nyepesi. Ni rahisi kudai kwamba ukarimu wa pwani ulikuwa safi hapo kale, na kwamba fedha zilikuja kuutia doa. Historia haikubali. Ibn Battuta, aliyeipita pwani hii mnamo 1331, ameeleza desturi aliyoikuta Mogadishu. Chombo kikitia nanga, vijana wa mji walikiendea kwa mashua ndogo, kila mmoja amechukua sinia la chakula lililofunikwa. Kila kijana alimkabidhi sinia mfanyabiashara mmojawapo na kutangaza kwamba huyo ni mgeni wake. Tangu hapo mfanyabiashara alifikia nyumbani kwa kijana huyo, na mwenyeji ndiye aliyemuuzia bidhaa zake na kumnunulia alizozitaka. Aliyenunua kwa mgeni kwa bei ya kumpunja, au kumuuzia kitu bila mwenyeji wake kuwapo, biashara yake haikutambuliwa.

Sinia lile halikuwa sadaka. Lilikuwa mlango wa soko, na aliyelibeba alitarajia faida. Ukarimu na biashara vililala nyumba moja, wala havikuoneana haya. Lakini tutazame kilichoviunganisha. Mgeni alikuwa na mtu anayetajwa kwa jina, na mtu huyo alibeba lawama. Kumdhulumu mgeni ilikuwa kumdhulumu mwenyeji. Na mgeni naye akivunja heshima ya mji, aibu ilirudi kwenye nyumba aliyofikia. Kwa hiyo tofauti kati ya sinia la Mogadishu na sahani ya Jambiani haimo katika kulipa au kutolipa. Imo katika kazi inayofanywa na malipo. Kule malipo yalikuja ndani ya uhusiano uliokwisha kufunguliwa. Huku bili inapoletwa mezani, kazi yake ni kuufunga uhusiano: umelipa, hudai wala hudaiwi, kwaheri.

Mwanafalsafa Kant, katika andiko lake la 1795 kuhusu amani ya kudumu, alipambanua haki mbili. Ya kwanza ni haki ya kuzuru: kila mwanadamu anaweza kufika katika nchi ya wenzake bila kutendewa kama adui, maadamu naye amekuja kwa amani. Ya pili ni haki ya kuwa mgeni, kukaa katika nyumba ya mtu kama mmoja wa watu wake kwa muda fulani. Hiyo, kwa maoni yake, haidaiwi. Huhitaji mapatano maalumu ya hisani. Aliyaandika hayo akiwakemea Wazungu wenzake, ambao kwao kuzuru nchi za watu kulikuwa sawa na kuziteka. Utalii wa siku hizi umeichukua haki ya kwanza na kuitia bei. Haki ya pili umeiacha hapo ilipokuwa, kwa sababu hauwezi kuiuza.

Ukubwa wa jambo lenyewe unaeleza sababu. Sensa ya 2022 iliwahesabu Wazanzibari takriban milioni 1.9. Mwaka uliofuata, wageni waliofika visiwani walizidi 600,000. Kwa umati kama huo haiwezekani kumuuliza kila mmoja ni mgeni wa nani, na mfumo mzima wa vyumba, meza na viti vya ufukweni umejengwa ili swali hilo lisihitajike.

Basi tuketi mezani. Tumeagiza pweza wa nazi. Orodha ya vyakula imeandikwa kwa Kiingereza na Kiitaliano, bei kwa dola. Tumeagiza kwa Kiswahili, na mhudumu, kijana mpole, ametujibu kwa Kiingereza. Hatudharau. Amefundishwa kwamba mgeni ni mtu asiyejua, na kwamba kazi yake ni kumstarehesha katika kutojua kwake. Tena mara nyingi yeye mwenyewe si wa hapo. Ametoka Mwanza, au Arusha, au Mombasa, amepanga chumba nyuma ya kijiji, na hupeleka kwao sehemu ya mshahara. Neno mwenyeji limetokana na mwenye mji. Katika meza hii mwenye mji hayupo: mwekezaji yuko mbali, na wanakijiji wako upande wa pili wa ukuta. Wamebaki wageni wawili, mmoja ameketi na mwingine amesimama, na kati yao iko bili.

Jioni moja katika meza ya namna hiyo, binti yangu wa miaka saba, aliyezaliwa na kulelewa Uingereza, alimwamkia mhudumu kama tulivyomfundisha kumwamkia kila aliyemzidi umri. “Shikamoo.” Kijana alisita, akaiweka sahani mezani, akasema, “Marahaba, mwanangu. Hujambo?” Kisha akamuuliza jina lake, na jina la babu yake, na babu anatoka wapi. Aliuliza kwa Kiswahili. Sikuona muujiza wowote. Dakika mbili baadaye alirudi kwenye kazi yake na sisi kwenye chakula chetu. Lakini mtoto alikuwa amempa kitu ambacho kiti kilikuwa kimemnyang’anya, yaani ukubwa wake. Naye alijibu kwa kuuliza lile swali la kale kwa njia yake: mtoto huyu ni wa nani?

Sasa tushuke ufukweni. Familia iliyokuja kuogelea Paje au Jambiani wakati wa bamvua hushangaa kuona bahari imejitoa mbali, imeacha mchanga, majani na vidimbwi. Watoto hulalamika kwamba maji yameondoka. Wakati huohuo wanawake wa kijiji hupita kati ya viti vya kulalia wamebeba kamba na magunia, wakielekea kwenye mashamba yao ya mwani. Kilimo hicho cha biashara kilianza katika pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, na wanawake ndio walioshika sehemu kubwa ya kazi. Mwani hufungwa kwenye kamba zilizotandazwa kati ya vigingi. Ukikomaa huvunwa, hukaushwa na kusafirishwa nje, ambako hutolewa utomvu wa kuzitia uzito bidhaa kama dawa ya meno na aiskrimu. Joto la bahari limeongezeka, na aina yenye bei nzuri zaidi hufa kwa urahisi katika maji ya kina kifupi. Tena maji hayohayo ya kina kifupi yanatakiwa na wageni wanaoteleza juu ya mawimbi wakivutwa na tiara. Kalenda mbili zimekutana katika mchanga mmoja. Moja inahesabu asubuhi, mchana na machweo. Nyingine inahesabu bamvua na maji mafu.

Mgeni asiye na mwenyeji huiona kalenda ya kwanza tu. Hili si kosa la tabia. Hakuna aliyemwambia. Mwenye mwenyeji angeambiwa: leo bahari haijaharibika, leo ndiyo siku ya kwenda mwambani na kuchokoa pweza, vua viatu twende, usikanyage hapo. Hapo ndipo ninapoona maana mojawapo ya kuwa na mwenyeji ambayo wanafalsafa wa ugeni hawakuisisitiza. Mwenyeji hukupa chakula na kitanda, naam, lakini pia hukueleza unachokitazama. Anayelipia mandhari bila maelezo hayo hurudi na picha ya wanawake wanaoinama majini, bila kujua wameinamia nini.

Msomaji mwenye uzoefu atanipinga, na hoja zake ni nzito. Atasema: huujui mzigo wa kufikia kwa jamaa? Aliyerudi kutoka Ulaya au Ghuba kwa kawaida anacho kuliko anayempokea. Shangazi hupika pilau ya kuku kwa mkopo wa dukani ili asiaibike, na mgeni hujua, na kila tonge linamkaba. Baadaye huacha bahasha chini ya mto, nayo huleta aibu nyingine. Kila ziara ina orodha ya ada, dawa na mabati. Mama aliyefanya kazi za zamu mwaka mzima katika hospitali ya London ana haki ya wiki moja ambayo hakuna mtu anayemwomba kitu. Na mhudumu wa hoteli, angalau, anajua analipwa nini na zamu yake inaisha saa ngapi. Hatakiwi kutoa kuku wake wa mwisho. Kwa hesabu hiyo, bili ina haki zaidi kuliko ukarimu.

Nakubaliana na karibu yote hayo. Kupumzika ni haja ya kweli, mshahara wa hoteli unalisha nyumba nyingi, na ukarimu unaomfilisi maskini ili tajiri asiumizwe moyo ni dhuluma iliyovaa kanzu. Simwambii mtu asipange chumba Nungwi. Lakini hoja hiyo inathibitisha kwamba ukarimu una gharama. Haithibitishi kwamba tunaweza kuishi bila kudaiwa. Marcel Mauss, katika insha yake ya 1925 juu ya zawadi, alionyesha jinsi wajibu wa kurudisha unavyowafungamanisha watu. Tukifuata mantiki yake, deni lisilolipwa lote kwa siku moja ndilo linalotupa sababu ya kurudi. Mtu asiyedaiwa na yeyote kisiwani hana anayemngoja.

Na wanaolipa gharama ya uhuru huo ni watoto. Mtoto aliyefika Unguja mara tano, na mara zote akala kama mteja, anakijua kisiwa kama kinavyojulikana na mtoto wa jirani yake Mwingereza aliyefika mara moja. Kiswahili kwake kitakuwa lugha ya wazazi kuagizia chakula. Atakapokuwa mtu mzima na kuulizwa ni mgeni wa nani, hatakuwa na jina la kutaja, kwa kuwa sisi tuliokuwa nalo tulikwepa kulitumia.

Tunayo methali inayojulikana na kila msomaji wa jarida hili: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa kawaida tunaisoma kama kejeli kwa mgeni asiyejua kuondoka. Inaweza kusomwa vingine. Jembe hapewi mtu ambaye hatarajiwi kuwapo wakati wa kuvuna. Kumpa mgeni jembe ni kumwambia kwamba siku zake za kutazamwa zimekwisha, na sasa amehesabiwa miongoni mwa watu wa nyumba. Mgeni wa hoteli hupewa siku ya kumi heshima ileile ya siku ya kwanza. Hakuna atakayemwomba amenye muhogo, ashike mtoto, au aende kuhani msiba wa jirani. Tunaiita starehe, nayo ni starehe kweli. Lakini hivyo pia ndivyo mahali panavyomwambia mtu kwamba si pake.

Kipimo ninachopendekeza basi ni chepesi: katika siku zetu za kisiwani, je, yupo aliyetupa jembe? Pengine ni shangazi yuleyule. Tukifika kwake, twende naye sokoni asubuhi, tununue mchele na samaki pamoja, tupike pamoja, watoto wakune nazi, na bahasha isihitaji kufichwa chini ya mto. Hapo kila upande umetoa na kupata, kama yule kijana wa Mogadishu na mfanyabiashara wake, na kila upande una wa kumlaumu. Siku nyingine zitumike mkahawani na kwenye viti vya ufukweni, bila kinyongo. Na kabla ya kulinganisha bei za vyumba vya Julai ijayo, wazazi na watoto waulizane kule wanakoishi: tukifika, na mtu wa pale akatuuliza ni wageni wa nani, tutamtaja nani?