Msifiche Maradhi, Msiache Sala

Ndugu zetu Waislamu, wako mama zetu na wake zetu ambao mmoja wao akikohoa, akicheka au akijitwika ndoo, humtoka mkojo pasi na hiari yake. Wengi hupatwa na maradhi haya baada ya kuzaa. Huyaficha kwa aibu, na wengine huacha hata sala wakidhani wamekuwa najisi daima.

Hilo si katika dini. Bibi Fatima binti Abi Hubaysh alipomshitakia Mtume (S.A.W.) damu isiyokatika, alifunzwa kuwa hiyo si hedhi, na siku za hedhi zipitapo aoge na asali. Na maulamaa wetu wa Kishafii wamesema kuwa mwenye kutokwa na mkojo ajisafishe, ajifunge kitambaa, atawadhe baada ya kuingia wakati wa kila faradhi, kisha asali bila ya kukawia. Sala yake ni sahihi.

Lakini ruhusa hii haimzuii mtu kutafuta dawa. Matabibu huanza kwa mazoezi ya kukaza misuli ishikayo mkojo, kwa miezi 3 au zaidi. Yasipofaa, iko operesheni: hukatwa ukanda katika utando mgumu wa tumbo la mgonjwa mwenyewe, ukategemeza njia ya mkojo. Uko na utepe wa wavu wa plastiki, ambao Uingereza iliusimamisha mwaka 2018 kwa madhara yaliyowapata baadhi ya wanawake. Basi na aulize kabla ya kukubali.

Daktari mwanamke atangulizwe; akikosekana, dharura humruhusu mwanamume. Ewe mume umzuiaye mkeo kwa jina la sitara, wamsitiri yeye au wajisitiri nafsi yako?