Adabu Ina Alama Ngapi?

Katika mashindano ya ngoma za Wasukuma hakuna zamu. Makundi mawili huingia uwanjani na kucheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake, ngoma zikigongana masikioni, na jaji ni umati wenyewe. Upande mmoja ukitoa chatu au kichekesho kipya, watu hukimbilia huko, na kundi lililoachwa hubaki likiitazama migongo ya mashabiki wake. Mwishoni, aliyezungukwa na watu wengi zaidi ndiye mshindi. Hivyo ndivyo Bagika na Bagalu walivyoshindana tangu karne ya 19. Masimulizi huyahusisha makundi hayo na waganga wawili, Ngika na Gumha, waliobishana juu ya nani mwenye dawa kali kuliko mwenzake. Ndivyo wanavyoshindana pia kwenye Bulabo, sherehe ya kila mwaka ya Bujora, Kisesa, nje kidogo ya jiji la Mwanza, mahali ambapo Padri David Clement kutoka Kanada alianzisha kituo kilichozaa Makumbusho ya Wasukuma.

Mtu akiyatazama mashindano hayo kwa mara ya kwanza huona fujo. Akikaa kidogo ataona swali gumu la maadili likichezwa mbele yake: ninamdai nini, na ninadaiwa nini, na mtu ninayegombea naye nafasi moja kwa wakati mmoja? Kama tungepokezana, jibu lingekuwa rahisi. Ningekaa kimya wakati wako, nawe ungekaa kimya wakati wangu. Lakini sehemu kubwa ya maisha haina zamu. Tunaomba kazi ileile siku ileile, tunazungumza katika kikao kimoja, tunalima mashamba yanayopakana. Katika hali kama hizo, kumpisha mwenzako ni wema au ni kujifuta?

Nimekulia Mwanhuzi, makao makuu ya wilaya ya Meatu, mkoani Simiyu. Kwetu ngoma huchangamka baada ya mavuno, pamba ikishatoka shambani na watu wakiwa na nafasi ya kupumua. Tulipokuwa watoto tulifundishwa kupisha. Mpishe mkubwa njiani, mpishe mgeni kitini, usipaze sauti mbele za watu. Binti alifundishwa zaidi ya hapo: apige goti anaposalimia, macho yatazame chini, jibu lake liwe fupi. Watu haohao waliotufundisha hivyo walikwenda uwanjani wakamshangilia ningi, kiongozi wa ngoma, aliyejitangaza kwamba kuanzia Maswa hadi Ziwa Eyasi hana mpinzani. Hakuna aliyemwambia kwamba amekosa adabu. Angejishusha, wangemwacha peke yake na ngoma yake.

Kwa muda mrefu nilidhani mafunzo hayo mawili yanapingana, kwamba uwanjani tunaruhusiwa kuwa wabaya kidogo halafu tunarudi nyumbani kuwa watu wema. Siku hizi siamini hivyo. Kilichonisaidia kuliona jambo hili vizuri kimetoka mbali sana na Simiyu, kwenye video za mashindano ya densi ya Ayalandi, ninazozitazama usiku nikichoka kusoma.

Huenda unaifahamu densi hiyo kupitia Riverdance, onyesho lililoanza kama burudani ya mapumziko katika shindano la Eurovision mwaka 1994. Mwili husimama wima kama mlingoti, mikono hubanwa ubavuni, na kazi yote hufanywa na miguu. Mashindano yake ya dunia yalianza Dublin mwaka 1970, chini ya chombo kinachoitwa An Coimisiún le Rincí Gaelacha. Jambo lililonishangaza ni kwamba hata wanaoshindana mmoja mmoja mara nyingi hawachezi peke yao. Huwekwa wawili, wakati mwingine watatu, kwenye jukwaa moja na kwa muziki mmoja. Lakini kila mmoja amefundishwa hatua zake na mwalimu wake, na kila mmoja ana njia yake ya kulizunguka jukwaa. Njia hizo hukatana.

Sasa wafikirie wasichana wawili, mmoja akiruka kuelekea kulia na mwingine akija kushoto kwa kasi hiyohiyo. Kuna nusu sekunde ya kuamua. Anayefupisha hatua yake ameepusha ajali, na hilo ni jema. Lakini jaji aliyekaa mbele anatazama mdundo, hatua, mkao na utekelezaji. Anachokiona ni hatua fupi. Kwenye karatasi yake, wema wa yule msichana hauna safu. Na kama yule mwingine ameshagundua kwamba mwenzake hupisha kila mara, ataendelea kuruka anakotaka, hata bila kukusudia ubaya wowote. Hajamsukuma mtu. Amezoea tu kuona njia ikifunguka.

Hapo ndipo ninapomkumbuka mdogo wangu, aliye kidato cha tatu na anayecheza ngoma shuleni. Mwaka jana kundi lao lilishindana na shule nyingine kwenye uwanja usiokuwa na mstari wowote. Wenzao walikuwa wengi zaidi, wakaanza kutanuka. Kila walipotanuka, mstari wa kina mdogo wangu ulirudi nyuma hatua mbili, hata wakajikuta wanachezea pembeni kwenye nyasi, ambako vumbi halipandi na mlio wa njuga haufiki mbali. Walishindwa. Baadaye mwalimu mmoja aliwapongeza kwa kuwa mabinti wenye adabu. Mdogo wangu aliponipigia simu jioni hakuwa analia. Aliniuliza tu, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei sokoni: “Dada, adabu ina alama ngapi?”

Nasoma shahada ya uzamili, na katika madarasa yangu tunazungumza juu ya haki na wajibu kila wiki. Hata hivyo swali lile halikunipa usingizi mwepesi. Jibu la haraka lingekuwa kwamba adabu haipimwi kwa alama, kwamba thamani yake imo ndani yake yenyewe. Ni jibu zuri, lakini linatolewa kirahisi na mtu ambaye hajasukumwa hadi kwenye nyasi. Na kama ni la kweli, mbona hatukuwaambia hivyo wale waliotanuka?

Mwaka 1973 mwanafalsafa Mmarekani Thomas Hill aliandika makala kuhusu tofauti kati ya unyenyekevu wa kitumwa na kujiheshimu. Mmoja wa mifano yake ni mke anayemfuata mume wake katika kila jambo: huvaa apendavyo mume, huwaalika wageni anaowataka mume, huenda anakotaka mume. Hill hasemi kwamba kumpendeza mwenza ni kosa. Kosa analoliona ni kwamba mke huyo huishi kana kwamba matakwa yake hayakuwa na uzito tangu mwanzo. Hatoi haki yake. Hajui, au hakubali, kwamba anayo. Aristotle alikuwa ameshagusa jambo hili karne nyingi kabla, aliposema kwamba mtu anayejiona duni kuliko alivyo anakosea kama anavyokosea mwenye majivuno, na kwamba kosa hilo la kwanza ni la kawaida zaidi na ni baya zaidi, kwa sababu humfanya mtu ajizuie hata kutenda mambo mema anayoyaweza.

Waswahili wamelisema kwa maneno matatu: heshima si utumwa. Naichukulia methali hii kama kipimo. Kumpisha mtu ni zawadi, na huwezi kutoa zawadi ya kitu usichokuwa nacho. Anayesimama imara mahali pake, akaona mzee au mgonjwa anakuja, akasogea, ametoa kitu. Anayesogea kwa sababu hajawahi kuamini kwamba mahali pale ni pake hajatoa chochote. Amechukuliwa, hata kama hakuna aliyenyoosha mkono. Kwa nje matendo hayo mawili yanafanana kabisa, na ndiyo maana ni rahisi kulisifu la pili kwa jina la lile la kwanza.

Kwa kipimo hicho naanza kuelewa kwa nini watu wa nyumbani walimshangilia ningi mwenye majigambo bila kuona wanajipinga. Majigambo yale hayakuwa na uongo kuhusu mahali pake. Alikuwa anasema: mimi niko hapa, na nilicho nacho ni hiki, njoo nawe na chako. Mpinzani wake hakunyimwa kitu. Tena alipewa kitu ambacho mtu anayejificha hawezi kumpa, yaani mshindani wa kweli. Kumshinda aliyejirudisha nyuma mwenyewe hakumfunzi mtu chochote kuhusu ngoma yake.

Lakini kuna mpaka, na wazee wanaujua. Babu yangu, ambaye aliwahi kupiga ngoma katika ujana wake, alipenda kutofautisha dawa za uwanjani. Kuna ya kuvuta watu, alisema, na kuna ya kumharibia mwenzako. Ya kwanza inakufanya wewe utazamwe, ya pili inamfanya mwenzako asiweze kucheza. Sihitaji kuamini dawa yoyote ili nione kwamba tofauti aliyoiweka ni sahihi. Kuuvuta umati ni haki yako, hata ukimwacha mwenzako mtupu. Kumpasulia ngoma yake, kumkatia njia, au kutanuka hadi akose ardhi ya kukanyaga, huko ni kukataa kushindana huku ukijifanya unashindana.

Kuna pingamizi ambalo nalichukulia kwa uzito. Ni rahisi kumwambia mnyonge ajiamini. Kila mahali siku hizi mabinti wanaambiwa wasimame, wajieleze, wachukue nafasi, kana kwamba tatizo lote liko mabegani mwao. Huenda mstari wa kina mdogo wangu ulirudi nyuma kwa sababu ya hesabu tu: wao walikuwa wachache, wenzao wengi. Ujasiri haumfanyi mtu awe mpana.

Historia ya ngoma zetu inaliunga mkono pingamizi hilo. Katika miji ya pwani wakati wa ukoloni, ngoma ya beni ilikuwa na pande mbili maarufu, Marini na Arinoti. Kwa ujumla Marini ilikuwa ya watu wa hadhi, wenye asili ya mji, na Arinoti ilikuwa ya walioonekana wa chini, wakiwemo wageni waliotoka bara. Terence Ranger, aliyeandika kitabu kuhusu beni mwaka 1975, anaonyesha jinsi mashindano hayo yalivyobeba mambo makubwa kuliko muziki. Watu wa Arinoti hawakuwa na tatizo la kutojiamini. Walichohitaji ni uwanja ambao mtu asiye na ukoo mjini angeweza kuingia akahesabiwa, na ngoma iliwapa.

Kwa hiyo nadhani wajibu haugawanywi sawasawa. Wachezaji wawili wakikaribiana, mwenye nafasi kubwa ndiye anayepaswa kutazama kwanza. Mwenye kundi kubwa atazame asije akawameza wengine, mwenye sauti nzito kikaoni atazame nani hajasema, mwenye njia iliyozoea kufunguka ajiulize nani anayeifungua. Adabu inayobebwa na upande mmoja tu haistahili jina hilo, ni ushuru. Na mwenye nafasi ndogo ana wajibu wake pia, ingawa ni mwepesi zaidi: asidanganye kuhusu ukubwa wa mahali pake. Akipisha, ajue anapisha nini. Akikataa kupisha, akatae bila kumvamia mtu.

Waandaaji wa mashindano nao wana kazi. Mfuko mmoja wa chokaa ungetosha kuchora mstari katikati ya uwanja ule, na mabinti kumi na wanne wasingelazimika kuwa mashujaa ili wapate mahali pa kukanyaga. Kanuni nzuri zinapunguza mahitaji ya ujasiri, na sioni aibu katika hilo. Hatujengi daraja ili kuwadharau wanaojua kuogelea.

Nilimpigia mdogo wangu baada ya siku tatu. Nilimwambia kwamba adabu haina alama, lakini walichokifanya siku ile hakikuwa adabu, na kwamba mwalimu aliwapongeza kwa kitu ambacho hawakuwa wamekichagua. Alinyamaza kidogo, kisha akataka kujua chokaa inauzwa shilingi ngapi.

Huko mbele atakutana na viwanja vingi ambavyo hakuna atakayevichorea mstari: chumba cha usaili, kikao cha ukoo kinachogawa shamba, meza ya chakula ya nyumba atakayoolewa, kama ataolewa. Mahali kama hapo mstari huwa ni mwili wa mtu mwenyewe, mahali alipoamua kusimama. Ningependa afike huko akijua kupiga goti mbele ya bibi yetu na akijua pia kutorudi nyuma, na asione haja ya kuacha moja ili apate lingine.