Je, Mafuta Yaliyonyonywa Mwilini Hurudi?

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Tumeletewa suala na dada yetu mmoja wa Mji wa Kale. Ataka kuuza bangili zake za mahari aende Nairobi kunyonywa mafuta ya tumbo na mapaja kwa upasuaji, kwani mumewe humcheka mbele za watu. Auliza: je, yafaa kisharia? Na mafuta hayo yakishatolewa, hurudi?

Twaanza na la pili, maana la kwanza lategemea hilo. Chembe za mafuta zilizotolewa zimekwenda, lakini zilizobaki hunenepa mtu akizidi kula. Madaktari wa Colorado, Marekani, walitangaza mwaka 2011 kwamba wanawake waliofanyiwa upasuaji huo, ulipopita mwaka mmoja, hawakuwa tena na tofauti ya mafuta na wenzao wasiofanyiwa. Mapaja yalibaki membamba. Mafuta yakahamia tumboni. Na katika uchunguzi wa mwaka 2004, wanawake wanene walitolewa kadiri ya kilo 10, na baada ya majuma kumi hivi, sukari na shinikizo la damu havikupata nafuu yoyote.

Ama hukumu, Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ilikutana Putrajaya, Malaysia, Julai 2007, ikaruhusu kunyonya mafuta iwapo unene umekuwa maradhi, hapana njia nyingine ila upasuaji, na pana amani ya madhara. Kicheko cha mume si maradhi. Na amani yenyewe haba: Oktoba 2024 mwanamke mmoja alifariki Nairobi baada ya upasuaji huu.

Hatusemi unene ni dhambi. Lakini israfu ya chakula imekatazwa katika Suratul Aaraf, nasi watu wa Mvita twajijua: mchana wa Ramadhani twafunga, magharibi ikaingia tukalipa deni lote kwa viazi karai, mahamri na biriani, kisha tukashindwa kuinuka kwa tarawehe. (Mbaazi za nazi hatuzilaumu, ila kwa wingi wake.)

Na mumewe twamwambia: kudhihaki kumekatazwa katika Suratul Hujurat, na mke hakutolewa katika katazo hilo. Chakula kile kile nawe wakila. Baada ya sala ya alfajiri toka naye, mtembee mpaka Mama Ngina na kurudi.

Bangili ni mali yake, hapana awezaye kumzuia. Twamsihi tu asiziuze mpaka aonane na daktari asiyepata faida kwa upasuaji huo.