Uvimbe Usiouma

Mapema mwaka 2020 muuza vitumbua mmoja wa Likoni alihisi kivimbe kwenye titi, kigumu kama kokwa ya ukwaju. Hakikumuuma. Zahanati ikamwandikia barua avuke kisiwani, akatwe kinyama kidogo kikapimwe maabara. Siku yake ilikuwa mwisho wa Machi.

Tarehe 27 Machi kafyu ikaanza Kenya nzima. Alasiri ile, kivukoni Likoni, polisi waliwarushia vitoa machozi watu waliokuwa wakiwahi feri warudi makwao. Baada ya rabsha ile, nani angemlaumu kwa kuitia barua kabatini? Redio ilihimiza kutwa watu wakae nyumbani, na majirani walishikilia kwamba korona yenyewe iko hospitali. Ajitie hatarini kwa kitu kisichomuuma?

Saratani ya titi huwapata wengi hapo hapo. Mwanzoni uvimbe wake kwa kawaida hauna maumivu, kwa hiyo mtu hujiona mzima. Novemba mwaka huo jarida la tiba la BMJ lilichapisha uchambuzi wa tafiti nyingi za saratani: kila wiki 4 upasuaji unapocheleweshwa, hatari ya kufa hupanda kwa asilimia 6 hadi 8. Uingereza nako uchunguzi wa kawaida wa matiti ulisimama kwa miezi, basi asije mtu akasema huu ni ujinga wa Likoni.

Juni wifi yake alimpigia simu.

"Ile barua, wifi, ulikwenda?"

"Naogopa korona. Itulie kwanza."

"Korona hujaipata. Hicho kivimbe unacho."

Hata hivyo hakwenda hadi Septemba, matezi ya kwapani yamekwisha kuvimba. Daktari hakumgombeza, alimweleza tu kwamba kisu hakiwezi kutangulia tena. Angeanza na dawa za kemo za kuupunguza uvimbe, ndipo akatwe titi, kisha aifuate mionzi Nairobi.

Lakini kemo hushusha kinga ya mwili. Mama aliyeikimbia hospitali miezi sita kwa kuhofia korona sasa alitakiwa aingie humo kila baada ya wiki 3, korona ingalipo, naye akiwa dhaifu kuliko alivyokuwa Machi.