Jumanne: Mabinti Saba Kisimani

Soma Kutoka 2:16–21. Mabinti wa kuhani wa Midiani walikuwa wakifanya kazi gani? Musa aliwatendea nini?

Huko Karatu, chini ya msitu wa Ngorongoro, mtoto wa kike anayeshika fimbo na kufuata ng'ombe si jambo geni. Lakini akipenda machunga kuliko jiko, akapanda miti, akalenga kwa manati na kucheza mpira wa matambara na kaka zake, maneno huanza. Bibi husema, "Huyu ni jikedume." Shangazi huuliza ataolewa na nani. Mama yake husikia yote, naye anajua kwamba utotoni alikuwa vivyo hivyo: alimjua kila ndama kwa rangi yake, na alijua pa kupita asikutane na nyati. Binti hakuyaokota mambo hayo njiani. Aliyapata kwa mama, aliyeyasimulia jioni huku akicheka. Hata hivyo, mbele ya wakubwa mama hunyamaza.

Biblia haiwafichi mabinti wa namna hii. Raheli alichunga kondoo wa baba yake (Mwanzo 29:9). Binti za Shalumu walijenga ukuta wa Yerusalemu pamoja naye (Nehemia 3:12). Wale saba wa Midiani walichota maji na kujaza vyombo vya kunyweshea, kazi inayochubua viganja.

Wachungaji walipowafukuza, Musa hakuwaambia warudi nyumbani na kuwaachia wanaume mifugo. Alisimama, akawatetea, akalinywesha kundi lao. Angalia swali la baba yao katika mstari wa 18: anashangaa kwamba wamewahi kurudi. Yaelekea siku nyingine walichelewa, labda kwa kusukumwa vivyo hivyo bila mtu wa kuwasemea. (Shangazi naye asiache kusoma mstari wa 21. Sipora aliolewa.)

Hofu ya bibi si ya bure. Machungani kuna fisi na tembo, na msichana aliye peke yake porini anaweza kudhuriwa na watu pia. Musa aliishughulikia hatari iliyokuwapo kisimani. Mabinti hawakuwa kosa.

Kwa mjadala: Mama huyu aseme nini mbele ya bibi, bila kumvunjia heshima, huku binti akisikiliza? Kwa kuzingatia Kumbukumbu la Torati 6:7, ni nini kingine anachoweza kumpa binti yake wanapotembea pamoja nyuma ya mifugo?