Mariamu Nyumbani kwa Elisabeti



Luka atueleza katika sura ya 1 ya kuwa Elisabeti alikuwa katika mwezi wa 6 wa mimba yake Mariamu alipofunga safari ya milimani, akakaa kwake yapata miezi 3. Tukihubiri habari hii twaishia kwenye salamu na wimbo. Na ile miezi 3, je? Luka hasemi Mariamu alifanya kazi gani, wala mimi sitaiongezea Injili neno. Lakini twaona ya kuwa mwanamke mzee, mwenye mimba yake ya kwanza, alikuwa na mwenzake katika miezi ambayo mtoto huongezeka uzito zaidi.

Mja mzito aendapo kliniki, mkunga humpima tumbo kwa utepe, toka mfupa wa kinena hata kilele cha mji wa mimba. Tangu juma la 24 hivi, hesabu ya sentimita hukaribiana na hesabu ya majuma. Ikiwa majuma ni 32 na utepe waonyesha 28, mkunga hushuku ya kuwa mtoto hakui ipasavyo, naye humpeleka mama hospitali apimwe kwa ultrasaundi. Kushuku si kuhukumu. Pengine majuma yalihesabiwa vibaya; pengine mtoto ni mdogo kama wazazi wake, naye ni mzima kabisa. Ndiyo sababu mama huambiwa arudi baada ya majuma machache, vipimo vilinganishwe. Wengi hawarudi.

Wako wasemao, “Afadhali awe mdogo, atazaliwa kwa urahisi,” na wengine hujinyima chakula kwa ajili hiyo. Neno hili ni la hatari, nalo husemwa hata na wanawake wenye heshima kanisani. Mara nyingi mtoto hakui kwa kuwa kondo la nyuma halimpi chakula na hewa ya kutosha. Uchungu ukianza hana akiba ya nguvu, aweza kufa kabla ya kutoka. Dawa ya kumkuza tumboni haipo. Daktari huangalia jinsi damu ipitavyo katika kitovu, akaamua kama mtoto angoje au azaliwe mapema. Tena hutibu kile kinachomzuia mtoto kukua. Malaria hujificha katika kondo hata mama asipopata homa. Shinikizo la damu, upungufu wa damu, pombe na tumbaku, yote hudhuru. Basi mama alale katika chandarua, ameze vidonge apewavyo kliniki, aache pombe kabisa. Akiumwa sana kichwa, au macho yakimfanyia kiwi, au mtoto akipunguza kucheza, aende hospitali siku ile ile.

Sisi wa Kilimanjaro twajisifu kwa jinsi tumlishavyo mzazi: mtori, maziwa, supu ya mbuzi. Ni desturi njema. Lakini mwezi mmoja kabla, mwanamke yule yule alipanda mlima na mzigo wa majani ya ng’ombe kichwani, wala hakuna aliyemwuliza kama amekula. Mbuzi yule angalichinjwa mapema kidogo!

Na wewe mwalimu usemaye ya kuwa kurudi kupimwa ni kukosa imani, umejifunza wapi? Martin Luther, katika waraka wake wa mwaka 1527 juu ya tauni, aliwakemea waliodharau dawa kwa kisingizio cha kumtumaini Mungu. Alisema kufanya hivyo ni kumjaribu Mungu. Ombeni pamoja na mama huyo, kisha mwulizeni siku ya kurudi ni lini. Wala mtu asinong’one ya kuwa amerogwa au ametenda dhambi.

Wazee wa Kanisa na waulize kimya kimya, bila kutangaza jina la mtu ibadani, ni nani ameambiwa arudi. Kama nauli imepungua, itafutwe. Mume aende naye. Vijana wa kwaya wamchotee maji na kumkatia majani, toka sasa hata atakapojifungua.