Pampu ya Upepo na Haki ya Mpita Njia

Mtu aingiapo dukani, iwe Kariakoo au penginepo, kununua pampu ndogo ya kujazia upepo matairi ya gari lake, aghalabu huuliza bei, na muda inaochukua kujaza, na miaka itakayodumu; na muuzaji, kwa kuwa hayo ndiyo aliyoulizwa, huyajibu hayo wala hayapiti. Maswali hayo ni ya haki. Lakini liko swali jingine ambalo naliona kubwa kuliko hayo yote, nalo ni la dini kabla ya kuwa la biashara: chombo hiki kikishakuwa milki yangu, je, ninayo idhini mbele ya Mwenyezi Mungu ya kumnyima mwenzangu aliyekwama kando ya njia?

Wako wanaoanza mbali zaidi, wakadai kwamba kujiwekea zana za safari ni upungufu wa imani, maadamu salama na ajali zote ziko mikononi mwa Mola. Hao walikwisha kujibiwa zamani, katika hadithi mashuhuri aliyoipokea Tirmidhi, ya mtu aliyemwuliza Mtume kama amfunge ngamia wake au amwache huru kisha atawakali, akaagizwa amfunge na atawakali. Sioni haja ya kulirefusha jambo hilo.

Lililo zito zaidi limo katika Suratul Maun, sura ya 107, yenye aya saba tu, ambayo watoto wetu huihifadhi chuoni kabla ya kuijua maana yake. Sura hiyo yamtaja mwenye kuyakadhibisha malipo, na amsukumaye yatima, na asiyehimiza kulishwa maskini, na wenye kusali kwa kughafilika na ria. Kisha, baada ya makosa makubwa namna hiyo, yahitimisha kwa kuwalaumu watu wanyimao msaada ambao kwa macho yetu ni mdogo kabisa. Wafasiri walihitilafiana juu ya msaada huo. Ali bin Abi Talib amepokewa akisema ni zaka. Abdullah bin Masud akasema ni vile vyombo waazimanavyo watu, kama chungu, ndoo na shoka. Naye Ikrima akazikusanya kauli hizo mbili, akaifanya zaka kuwa kilele chake, na chini yake kabisa akaweka chekeche, ndoo na sindano. Ikiwa sindano imo, basi mimi sioni njia ya kuitoa pampu.

Na azingatie msomaji njia ya kusini, itokayo Dar es Salaam kwenda Lindi, pale gari likishavuka Mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa na kuelekea Somanga na Nangurukuru, jinsi mafundi wa pancha wanavyotawanyika, hata mtu ambaye tairi lake la akiba nalo limeisha upepo hana budi kumtazamia Mungu, na baada yake gari lijalo. Aliye katika hali hiyo ni yule mpita njia ambaye Kurani imemtaja miongoni mwa wanane wanaostahiki zaka, hata kama nyumbani kwake ni tajiri.

Hapa ndipo dini inapomfunza mtu kununua. Pampu ya kuchomekwa katika tundu la kuwashia sigara hutegemea gari lako lisimame karibu, na ikiwa waya na mpira wake ni mfupi, itayafikia matairi yako na kuishia hapo. Ile yenye betri yake yenyewe hubebwa hadi kwa mwenye shida, walakini huenda baada ya miezi ya kukaa buti ikakutwa haina chaji. Mimi naitanguliza ile yenye vibanio vya kushika betri ya gari, yenye waya na mpira mrefu, kwani nguvu zake zatoka katika injini inayonguruma, wala haziishi kwa mtu wa pili. Asihadaike mnunuzi na namba kubwa ya msukumo iliyoandikwa juu ya boksi, maana gari dogo latosheka na ratili 30 hadi 35 kwa kila inchi ya mraba, na la kutazamwa ni kiasi cha hewa kitolewacho kwa dakika. Tairi la lori, litakalo ratili zaidi ya 100, chombo hiki hakiliwezi. Na umeme wa malori aghalabu ni wa volti 24, ilhali pampu hizi ni za volti 12, basi anayeichomeka huko huenda akaiunguza.

Kipimo chake nacho kiwe cha kweli, na kisomwe tairi likiwa baridi. Tairi lenye upepo pungufu hupata joto mwendoni hata likapasuka, hivyo kipimo kiongopacho humpa mwazimaji salama ya uongo, akaondoka akikushukuru.

Mwenye kuhofia mali yake asidhani kwamba sheria imemsahau. Mtume mwenyewe, kabla ya vita vya Hunain, aliazima deraya kwa Safwan bin Umayya, naye alikuwa bado hajasilimu, akamhakikishia kwamba azima hiyo ina dhamana. Katika madhehebu ya Shafii, tunayoyafuata wengi wa pwani, mwazimaji hulipa kikiharibika chombo, ila kikichakaa kwa matumizi yale yale aliyoruhusiwa. Uliyemruhusu tairi la gari dogo, akajaza la lori hata mota ikaungua, ni juu yake kulipa. Na mwenye mgonjwa garini, au mwenye kuhofia wanyang'anyi usiku, ana udhuru wake, wala simhesabu miongoni mwa wanyimao.

Imebaki baiskeli. Valvu za baiskeli nyingi za vijijini hazishikani na kichwa cha pampu ya gari, hadi kiwekwe kipachiko kidogo cha kuziunganisha, ambacho pampu nyingine huja nacho na nyingine hazinacho. Mwenye gari huenda asikihitaji maisha yake yote. Na kwa sababu hiyo hasa ningependa akiulizie kabla hajalipa.